Nondo za Mama Ndahani

Siku yangu ya kwanza zimamoto sikuguswa na tone la maji. Nilikuwa nimetoka mafunzoni, sare mpya ikinibana mabegani, nikidhani nitapandishwa kwenye gari jekundu nizungushwe mjini watu wanione. Badala yake mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Afande Stesheni, alinipeleka stoo ya nyuma, chumba cha kuwekea mipira ya maji na matairi mabovu. Aliwasha majani mabichi ndani ya debe, akaniambia nikae ndani, na moshi ukishajaa nitoke. Kisha akavuta mlango.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekiangalia chumba kile vizuri. Kilikuwa kidogo, mlango huku, dirisha kule, hakuna cha kumpotezea mtu njia. Moshi ulipojaa sikujua tena kulia wala kushoto. Nilipapasa ukuta nikafika dirishani, nikazikamata nondo, nikaingiza pua katikati yake nikihema. Nilikaa pale muda mrefu kabla ya kukumbuka tulichofundishwa, kwamba moshi hupanda na hewa inayofaa hubaki chini sakafuni. Nikalala kifudifudi, nikatambaa nikifuata ukuta kwa bega, nikaugusa mlango. Ulifunguka wenyewe. Haukuwa umefungwa.

Afande Stesheni alikuwa nje, amekalia tairi.

"Nilikusikia ukipita karibu na mlango," akasema. "Ukaenda dirishani. Watu wote huenda dirishani, Damari, kwa sababu ndiko kuna mwanga. Na mji huu hauna dirisha lisilo na nondo."

Aliniambia ninawe uso nikaripoti kwa sajini.

Wakati ule zimamoto ya Dodoma ilikuwa ndogo na ilikuwa chini ya halmashauri. Gari la kuzima moto lilikuwa moja la kutegemewa na jingine la kuombea. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa huku hauna simile, unavuma kutwa na unauhamisha moto kutoka paa hadi paa kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Maji nayo yalikuwa ya mgawo. Tulikuwa na visima vya zimamoto, yaani zile koki nene za chuma kando ya barabara ambazo gari hujazia maji, lakini kila asubuhi ilibidi askari azungukie baadhi yake kuona kama zinatoa kitu au zinakohoa hewa tu.

Kazi yetu ina mikono miwili. Mmoja ni kuzima, ambao kila mtu anaujua. Wa pili ni kuzuia, yaani ukaguzi, na huo ndio niliopewa mimi mapema kwa sababu wakubwa waliona mwanamke ataongea na wenye maduka bila kugombana nao. Mkaguzi huingia kwenye biashara akaangalia mitungi ya kuzimia moto kama sindano ya geji ya kupimia mgandamizo iko kwenye rangi ya kijani, kama pini haijang'olewa, kama njia ya kutokea haijawekwa magunia, kama mlango wa dharura unafungukia nje. Unaofungukia ndani haufai, kwa sababu watu wakiusukuma kwa pamoja hakuna atakayeweza kuuvuta. Biashara ikikidhi masharti, hupewa cheti. Isipokidhi, hupewa muda, na ikikaidi hufungwa. Nyumba ya mtu binafsi ni habari nyingine. Pale tunaingia kwa hodi na tunatoka na ushauri tu.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kondoa, chini ya Mkaguzi wa Wilaya, mtu mpole aliyekuwa akiruka kitini kila redio ya mawasiliano inapolia. Nilimcheka moyoni mpaka nami nikaanza kuruka. Kule shida yetu ilikuwa umbali. Tulikagua mashine za kukamua alizeti hadi Chemba, tukiwaonya wenye mashine wasirundike ghalani mashudu mabichi, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, maana mashudu yakilaliana hupata joto lenyewe ndani kwa ndani, na siku ukiona moshi ujue moto una siku nyingi humo. Walitusikiliza vizuri. Lakini nilipofika Kolo kuzungumza na wanakijiji, mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: akiita wakati paa linaungua, gari litamkuta akiwa na nini mkononi. Nilichoweza ni kukaa nao siku ile nzima tukifyeka nyasi kuzunguka nyumba na maghala ili moto wa porini ukija ukose cha kukanyagia. Usiku sikulala vizuri. Nilianza kuelewa kwamba kazi hii ni ya kuwaza mabaya ya watu wengine kabla wao hawajayawaza.

Nilirudishwa Dodoma wakati wizara zinahamia na mji unapanuka kuliko tulivyoweza kuufuata. Kila palipokuwa na shamba la mtama palichomoza ghorofa. Tukaongezwa magari na vijana, ofisi ikahama, zimamoto yenyewe ilishakuwa jeshi linalojitegemea, na mimi nikawekwa kusimamia ukaguzi wa hosteli na nyumba za kulala wageni. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Ndahani.

Alikuwa mjane wa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, amenizidi umri, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja. Chini aliishi mwenyewe, na mbele alikuwa na mgahawa wa chipsi na wali. Juu alipangisha vyumba kwa mabinti wanaosoma chuo. Wazazi walimpenda kwa sababu geti lilifungwa mapema na hakuna mvulana aliyepanda ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa moja tu, nayo ilianzia ubavuni mwa jiko la mgahawa. Madirisha yote, juu na chini, yalikuwa na nondo nene zilizochomelewa ukutani.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti na chai. Nikamweleza kwamba moto ukianzia jikoni, ngazi ile itageuka bomba la moshi, na mabinti hawatakuwa na pa kutokea. Nikamwomba afungue dirisha moja la nyuma, kule juu.

Akanieleza habari ya mume wake. Miaka iliyopita, kabla nyumba haijawa na nondo, wezi waliingia kupitia dirisha la nyuma. Mume wake aliamka akawakuta koridoni. Walimkata kwa panga. Aliishi majuma machache akiwa hospitali.

"Wewe mwanangu unaogopa moto ambao haujaja," akasema. "Mwizi kwangu alishakuja."

Nilirudi ofisini nikiwa nimejaa maneno ya sheria, nikamweleza Kamanda wa Mkoa kwamba hosteli ile haina njia ya pili na mwenye nyumba hataki. Kamanda alikuwa mtu wa amri, asiyependa mazungumzo marefu, na nilitegemea aseme nifunge. Akaniuliza kama ninajua wale mabinti wakitolewa pale watahamia wapi. Nikasema sijui.

"Watahamia nyumba yenye nondo hizo hizo," akasema, "ila hiyo wewe hutakuwa unaijua. Mpe muda. Rudi ukaongee naye mpaka akuchoke."

Basi nikarudi, na nikarudi tena. Mwishowe nilimwomba anisindikize mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mzee Kanti, ambaye familia yake imekaa juu ya duka lao tangu enzi za babu yake. Kwenye dirisha lao la nyuma grili ya nondo haikuchomelewa. Ilikuwa na bawaba kama mlango, na komeo lake lilikuwa kwa ndani, limefunikwa kibati ili mkono wa mtu aliye nje usilifikie. Chini yake palikuwa na ngazi ya chuma iliyoishia juu ya kimo cha mtu, ya kurukia chini. Mzee Kanti alimwonyesha bila haraka. Akamwambia kwamba baba yake naye aliogopa wezi, na aliogopa moto zaidi kwa sababu dukani kulikuwa na pamba tupu. Mama Ndahani alikanyaga kiti akapanda ile ngazi mwenyewe, kitenge amekikaza kiunoni, akapenyeza mkono kutoka nje akilitafuta komeo. Alijaribu hivi na hivi. Hakulipata. Aliposhuka alisema atamwita fundi.

Grili ikatengenezwa, ngazi ikawekwa, mitungi ikatundikwa, cheti kikatoka. Nilijisikia mwepesi. Wepesi ule haukudumu. Joto la mwezi wa kumi na moja lilipokuja, mabinti walianza kuiacha grili wazi ili hewa ipite. Mwizi akapanda ile ile ngazi ya dharura, akachukua kompyuta na simu, akashuka. Hakuumia mtu. Mama Ndahani alinipigia asubuhi. Hakunilaumu wala hakupandisha sauti.

"Wamepita kwenye dirisha lako," akasema, akakata.

Nilikaa na maneno yale kwa muda mrefu. Wakati ule nilikuwa na mama yangu mzazi nyumbani, na yeye ndiye aliyeniuliza kwa nini sili. Nikamwambia ni kazi. Nilichokuwa nikiwaza ni kwamba nimemshauri mjane afungue njia ile ile aliyoifunga kwa damu ya mume wake, na sasa kama atakataa kunisikiliza tena sitakuwa na la kumwambia.

Nilipokwenda kwa ukaguzi wa marudio niliona haraka kilichofanyika. Grili ilikuwa imepakwa rangi mpya, lakini chini ya rangi, penye bawaba, palikuwa na uvimbe wa chuma kilichoyeyushwa. Ilikuwa imechomelewa. Binti mmoja wa juu, aitwaye Rehema, aliyenipandisha ngazi, aliniambia taratibu kwamba nisimgombeze mama, kwani tangu ichomelewe ndiyo ameanza kulala.

Nilishuka nikakaa mgahawani. Mama Ndahani alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso. Nilimwambia kwamba sheria inanitaka niwaondoe mabinti siku ile ile, na kwamba sitaki. Nikamwambia pia kwamba mimi nyumbani kwangu ninaogopa wezi kama yeye, sijawahi kulala bila kukagua milango, kwa hiyo simwoni mjinga. Kilichobaki ni kwamba moshi humaliza kazi yake kabla mtu hajamaliza kupiga kelele. Aliendelea na mchele wake. Wateja wakaja, wakala, wakaondoka. Sikuondoka. Mchana ulipokwisha alifuta mikono, akasema atamwita fundi aikate tena, ila safari hii ataweka utaratibu wake mwenyewe mabinti wasiiache wazi. Nilimwambia mabinti wasilale juu mpaka fundi apite, na akakubali kuwalaza kwake chini. Siku mbili tatu baadaye alinipigia kwamba imekatwa. Nikapanga kwenda kuhakikisha, lakini Kamanda alikuwa amenipeleka Chamwino kukagua vituo vya mafuta, na kijana aliyekwenda badala yangu alirudi akisema grili inafunguka. Alikuwa ameiona ikiwa wazi.

Moto ulitokea mchana, juma lililofuata. Nilikuwa nimerudi mjini, kwenye kituo, nikiwafundisha wenye maduka jinsi ya kutumia mtungi: vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, bana, fagia. Simu ikaingia chumba cha mawasiliano na nikasikia askari akirudia anachoambiwa. Kikuyu. Mgahawa. Mabinti wako juu.

Nilipanda gari la kwanza bila kuombwa. Dereva alipiga king'ora njia nzima, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba tuliuona moshi umelala juu ya mabati tangu mbali. Sikuwa nikiwaza moto. Nilikuwa nikiwaza grili. Mtu anaweza kuikata leo kwa ajili ya mkaguzi na kuichomelea kesho kwa ajili ya usingizi wake, na ningekuwa wa mwisho kumlaumu. Nilijaribu kukumbuka sura ya kijana wangu aliponiambia inafunguka, kama alikuwa na uhakika au alitaka tu kumaliza siku.

Baadaye tulijua moto ulivyoanza. Mpishi mpya aliacha karai la mafuta ya chipsi jikoni, likashika moto, naye akafanya kile ambacho kila mtu hufanya kwa woga: akalimwagia maji. Maji yakikutana na mafuta yanayowaka hulipuka kuwa mvuke na kuyarusha mafuta juu. Moto ukashika singibodi ya dari, na moshi ukaingia kwenye ngazi. Mfuniko wa sufuria ungetosha kuuzima.

Tulipofika, vijana wakaanza kutandaza mipira mbele, na mimi nikakimbia kichochoro cha nyuma. Mabinti walikuwa chini, wengine wamekaa vumbini, wengine wanalia. Grili ilikuwa wazi, imening'inia. Rehema alikuwa wa mwisho kwenye ngazi ya chuma, anashuka huku akitazama juu na kuita. Nikamuuliza nani amebaki.

"Mama," akasema. "Yeye ndiye aliyetufungulia. Yuko ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wake. Alikuwa ameikata grili kama alivyoahidi, kisha akaweka kufuli kwenye komeo, na ufunguo akautunza yeye. Moto ulipolipuka alikuwa chini, hatua chache kutoka barabarani. Angeweza kutoka. Badala yake alipanda ngazi ile yenye moshi akiwa na ufunguo.

Vijana wawili waliovaa mitungi ya hewa mgongoni waliingia kwa dirisha. Mimi nilibaki chini nikishikilia ngazi ambayo haikuhitaji kushikiliwa. Moshi ulikuwa ukitoka dirishani mzito, wa rangi ya matope. Nimewahi kusubiri mambo mengi maishani, pamoja na kuzaa na kufiwa, lakini sijasubiri kitu kama nilivyosubiri pale. Walipomtoa alikuwa amelegea, uso mweusi kwa masizi. Walimkuta chini ya dirisha, amelala kifudifudi. Nilimwekea barakoa ya hewa mwenyewe. Alipokohoa, mabinti wote walinyamaza.

Alikaa hospitali kwa muda. Nilikuwa nikienda jioni baada ya kazi, nikimpelekea uji wa uwele. Mapafu yake hayakurudi yalivyokuwa, na sauti ile ya chini ikawa ya kukwaruza. Siku moja alinieleza kwamba alipofika juu aliutafuta ufunguo mfukoni, mfukoni haupo, akatafuta kwenye pindo la kitenge, haupo, na mabinti wanamvuta wakilia. Ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba, mahali alipouvaa kila siku.

"Niliwafungia watoto wa watu," akasema.

"Uliwafungulia, mama."

Alitikisa kichwa. Hakukubali, na sikuwahi kumfanya akubali hata siku ya mwisho. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, kwa binti yake, akapangisha nyumba kwa familia moja na kuwaachia grili yenye komeo la kuvuta tu. Rehema alikuwa akimtembelea. Mazishini kwake mabinti wale walikuja wengi, baadhi wakiwa na watoto mgongoni, na mimi nilisimama nyuma kwa sababu nilikuwa na sare na sikutaka watu waanze kuniuliza.

Kutokana na moto ule tulibadili namna tunavyokagua. Hatukuuliza tena kama grili inafunguka. Tulimwomba binti wa chumba kile aifungue mwenyewe, macho yake yakiwa yamefungwa, bila ufunguo, bila kumwita mtu. Akishindwa, hakuna cheti. Wenye nyumba wengi walituchukia. Kamanda mpya aliyekuwepo wakati huo, wa tatu kwa hesabu ya niliowatumikia, alitetea utaratibu huo kwenye vikao hadi sauti ikamkauka, na ninamshukuru kwa hilo.

Nilistaafu mwaka jana. Walinifanyia sherehe ukumbini, wakanipa kanga na saa ya ukutani, na wakati wa hotuba nilikuwa nikitazama mlango wa pembeni uliozibwa na meza za vinywaji. Niliinuka nikaenda kumwambia mhudumu azisogeze. Watu walicheka, wakidhani ni utani wa kuaga. Hofu hii haikustaafu nami. Kanisani ninakaa karibu na mlango. Nikilala kwa watoto wangu ninaamka kuangalia kama mtungi wa gesi umefungwa. Mwanangu aliponijengea chumba kwake Nzuguni aliniuliza kama nimekipenda, na mimi nikawa bado ninasukuma dirisha.

Vijana wanaoingia kazini sasa wana vifaa tulivyovisikia tu: ving'amua moshi, ramani kwenye simu, magari yanayofika mapema. Ninawaonea fahari. Lakini nawaomba, vijana, msidhani mwenye nyumba anayekataa kufungua nondo ni mbishi. Muulizeni kwanza anamwogopa nani, na mkae mpaka ajibu. Na nyinyi mnaosoma haya mkiwa majumbani, leo jioni kabla hamjalala, mwambieni mtoto mdogo kuliko wote awaonyeshe angepita wapi kama mlango wa mbele usingepitika. Mkiona anawatazama tu, msimcheke.

Mimi bado ninatembelea watu. Nikija kwako usihangaike na chai. Nionyeshe njia ya pili ya kutokea, kisha tutakaa tuongee.